Jina la Mji na Kinywa cha Mwenyeji: Matamshi ya Majina ya Mahali na Lafudhi za Kiingereza

Mwandiko wa Kiswahili umemzoesha msomaji wake kuamini kwamba herufi aionayo ndiyo sauti atakayoitoa, na kwamba hata jina asilopata kulisikia anaweza kulitamka bila kumwuliza mtu. Imani hiyo hukwama anapoyafikia majina ya mahali ya Uingereza. Mji unaoandikwa Leicester hutamkwa "Lesta", Worcester ni "Wusta", Gloucester ni "Glosta", Bicester ni "Bista". Kaskazini kabisa, Alnwick ni "Anik"; katika jimbo la Norfolk, Wymondham ni "Windam", Costessey ni "Kosi" na Happisburgh ni "Heizbra"; katika Cornwall, Mousehole ni "Mauzal" na Fowey ni "Foi"; nayo ngome ya Belvoir, ambayo Wanormani waliipa jina la Kifaransa lenye maana ya mandhari nzuri, huitwa "Biva" na watu wote wanaoishi karibu nayo. Mgeni hudhani kwamba wenyeji wamezembea wakameza nusu ya jina, na Waingereza wenyewe wa miji mingine hudhani hivyo hivyo. Dhana hiyo haistahimili uchunguzi, na inafaa kuchambuliwa kwa makini kwa sababu huwavunjia heshima watu ambao, kwa kawaida, ndio waliolihifadhi jina.

Mjadala wa mambo haya huvurugika mapema kwa kuchanganya vitu viwili vinavyopaswa kutengwa. Kitu cha kwanza ni matamshi ya jina lenyewe, yaani idadi ya silabi zake, mahali pa mkazo wake, na sauti zilizomo na zisizokuwamo. Hayo ni historia ya neno moja, na hayawezi kukisiwa kutokana na neno jingine. Kitu cha pili ni lafudhi, yaani mfumo mzima wa sauti ambao mtu huubeba kutoka malezini na kuutumia kwa kila neno alitamkalo, liwe jina la mji au jina la mboga. Kwamba Alnwick haina sauti ya "l" wala ya "w" ni suala la jina, na mtu wa London anayelijua husema "Anik" sawa na mtu wa Northumberland. Lakini irabu hiyo ya kwanza itasikikaje hasa, na ncha ya ulimi itakaa wapi, hilo ni suala la lafudhi, na hapo watu hao wawili watatofautiana bila yeyote kati yao kukosea. Mfano wa Alnwick unaonyesha pia jinsi historia ya jina isivyofuata kanuni: kijiji cha Alnmouth, kilichoko kwenye mlango wa mto ule ule wa Aln ulioipa Alnwick jina lake, hutamkwa na "l" yake wazi, ingawa mtu anaweza kutoka pahala pamoja hadi pengine kwa miguu.

Chanzo kikubwa cha kumomonyoka kwa majina haya ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho na silabi nyingine hubaki na irabu zake kamili, kiasi kwamba hakuna silabi inayokufa kwa kukosa mkazo. Kiingereza hufanya kinyume: maneno yake ya asili huweka nguvu mwanzoni, na silabi zinazofuata hulegea mpaka irabu zake zote huelekea sauti moja hafifu isiyo "a" wala "e" kamili, ambayo wanaisimu huiita shwa. Silabi iliyolegea hivyo kwa vizazi kadhaa huweza kutoweka. Wymondham ilikuwa makazi ya mtu aliyeitwa Wigmund, na neno "ham", lenye maana ya makazi, lilipoteza kwanza "h" yake, kisha irabu yake ikafifia, huku sauti za katikati zikibanana mpaka likabaki "Windam". Hakuna aliyeamua kulifupisha. Lilitamkwa kila siku na watu waliolihitaji kila siku, na neno la kila siku huchakaa kama kizingiti cha mlango.

Kipande hicho cha "ham" kimezaa mkanganyo ambao msomaji wa Kiswahili ana njia nzuri ya kuuelewa. Jina Is-haka huandikwa kwa kistari ili mtu asiunganishe "s" na "h" akasoma "sh". Waandishi wa Kiingereza hawakuwa na kistari hicho. Lewisham, ambayo ilikuwa "Lewis" na "ham", na Horsham, iliyokuwa "Hors" na "ham", zilisomwa na watu waliozijua kwa macho tu, nao wakaona "sh", na leo hata wakazi wake hutamka "sh" ambayo haikuwamo. Bosham, kijiji cha pwani katika jimbo la Sussex, kimeponea chupuchupu: hutamkwa "Bozam", na mpaka kati ya vipande vyake viwili bado unasikika. Hapa ndipo inapobainika kwamba mashaka yanayoelekezwa kwa wenyeji yangepaswa kuelekezwa kwenye karatasi.

Kwani tahajia za majina haya hazikuandikwa na wenyeji. Nyingi ziliingia katika kumbukumbu kwa mikono ya makarani waliotumia Kilatini na Kifaransa baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1066, na kitabu kikuu cha hesabu ya ardhi cha mwaka 1086, Domesday, kimejaa majina ya Kiingereza yaliyosikiwa kwa masikio ya kigeni. Neno "ceaster", ambalo Waingereza wa kale walilipata kutokana na neno la Kilatini la kambi ya jeshi na kulitumia kwa miji ya zamani ya Kirumi, lilitamkwa kwa "ch" mwanzoni. Limebaki hivyo katika Chester na Manchester; katika sehemu za kaskazini zilizokaliwa na watu wa Skandinavia likawa na "k", kama katika Lancaster na Doncaster; na katika Leicester, Gloucester na Worcester mapokeo ya Kinormani yaliigeuza "ch" kuwa "s", kisha silabi zikamezana. Baadaye matbaa, iliyoletwa Uingereza na William Caxton mwaka 1476, ilianza kuzigandisha tahajia wakati ule ule ambapo irabu ndefu za Kiingereza zilikuwa katikati ya mageuzi makubwa yaliyochukua takriban miaka 300. Maandishi yakasimama, vinywa vikaendelea na safari.

Baadhi ya herufi zilizoganda hivyo ni mabaki ya sauti zilizokufa. Mji wa Keighley katika Yorkshire hutamkwa "Kithli", kwa "th" ya neno "thelathini". Zile "gh" za mwandiko wake zinawakilisha sauti iliyofanana na "kh" ya "kheri", ambayo Mswahili anaijua lakini Mwingereza wa leo ameipoteza. Kwingi ilipotoweka ilikufa kimya au ikawa "f", lakini hapa watu waliibadilisha kuwa "th". Derby na Berkshire hutamkwa "Dabi" na "Bakshia" kwa sababu mwishoni mwa Zama za Kati irabu iliyotangulia "r" katika maneno kadhaa ilifunguka ikawa "a", ila mwandiko haukuifuata. Huko Uskoti, ngome ya Culzean hutamkwa "Kalein" bila dalili yoyote ya "z", kwa kuwa herufi hiyo si "z" hata kidogo: Waskoti wa kale walikuwa na herufi iliyoitwa yogh, iliyokaribia sauti ya "y", na wachapaji ambao hawakuwa nayo katika masanduku yao ya herufi za risasi walichukua "z" iliyoshabihiana nayo kwa umbo. Anayesoma "z" katika Culzean anasoma upungufu wa vifaa vya mchapaji. Nao mto Thames haukupata kuwa na "th" mdomoni mwa mtu yeyote. "H" yake ilitiwa na wasomi waliotaka jina lifanane na Kigiriki.

Lafudhi, kwa upande wake, haihusu jina moja moja, na ndiyo maana majina ya miji ni mahali pazuri pa kuisikiliza ikifanya kazi. Tofauti iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya irabu "a" kabla ya sauti kama "s", "f" na "th". Kuanzia karne ya 17, watu wa kusini mwa Uingereza walianza kuirefusha irabu hiyo, na watu wa kaskazini hawakufanya hivyo, kiasi kwamba hadi leo mpaka wa mabadiliko hayo unaweza kufuatwa ukivuka nchi kutoka ghuba ya Wash mashariki hadi upande wa mto Severn magharibi. Mji wa Bath, uliopewa jina hilo kwa ajili ya mabafu ya Kirumi, umekaa katika hali ya pekee: mtu wa Yorkshire huutamka kwa "a" fupi, msomi wa London kwa "a" ndefu inayotoka nyuma ya kinywa, na mwenyeji wa asili wa mji wenyewe kwa "a" ndefu ya mbele ya kinywa, isiyofanana na mojawapo ya hizo mbili. Tofauti ya pili ni ya neno kama London, ambalo wakazi wake hulianza kwa sauti inayokaribia "a" ya Kiswahili, ilhali mtu wa Leeds au Manchester huweka "u". Katika hili mtu wa kaskazini ndiye aliyebaki na sauti ya zamani. Kusini ndiko kulikogawanya irabu moja kuwa mbili katika karne hiyo hiyo ya 17. Yapo pia mambo mengine yanayojulikana zaidi, kama wakazi wa Hull wanaosema "Ul", na watu wa kusini-magharibi wanaoitamka "r" ya Exeter ambayo London imekwisha kuiacha.

Mji wa Bristol unastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa unatikisa ule mpaka uliowekwa hapo juu kati ya jina na lafudhi. Jina lake la kale lilikuwa Brycgstow, yaani mahali pa daraja, na kwa muda mrefu liliandikwa Bristow. Lafudhi ya wenyeji wa huko ina tabia isiyopatikana kwingine Uingereza ya kuongeza "l" mwishoni mwa maneno yanayoishia kwa irabu, na wanaisimu wengi huihusisha "l" ya Bristol na tabia hiyo. Ikiwa ndivyo, basi hapa lafudhi ya mtaa iliruka kutoka kinywani ikaingia katika ramani za dunia, na leo mtu wa nchi yoyote anayesema "Bristol" anasema kwa lafudhi ya Bristol bila kujijua. Kwa hiyo ule mpaka ni wa kweli, lakini si ukuta: kile ambacho ni lafudhi katika karne moja huweza kuwa jina katika karne inayofuata.

Kwamba lafudhi fulani zilidharauliwa na nyingine zikatukuzwa ni jambo la taasisi, si la sauti. Mwanafonetiki Daniel Jones alitoa kamusi yake ya matamshi ya Kiingereza mwaka 1917, akieleza usemi wa watu waliosomeshwa katika shule ghali za bweni za kusini, na kufikia mwaka 1926 aliuita usemi huo matamshi yaliyopokelewa, maana yake matamshi yanayokubalika katika jamii ya wateule. Mwaka huo huo wa 1926, shirika la utangazaji la BBC liliunda kamati ya ushauri kuhusu Kiingereza cha kusemwa, mwenyekiti wake akiwa mshairi Robert Bridges, aliyefuatwa mwaka 1930 na mwandishi wa tamthilia George Bernard Shaw. Kamati hiyo inakumbukwa kwa kuisambaza lafudhi moja nchini kote, na lawama hiyo ina haki. Hata hivyo ilifanya jambo moja la hekima ambalo halitajwi vya kutosha: katibu wake, Arthur Lloyd James, alitoa mwaka 1930 kijitabu cha majina ya mahali ya Uingereza kilichowaongoza watangazaji kwenye matamshi ya wenyeji badala ya kuwaacha wakisie kwa macho. Mtangazaji hakuruhusiwa kusema kwa lafudhi ya Norfolk, lakini alitakiwa kusema "Heizbra". Msimamo wa kufuata kauli ya mahali penyewe kwa majina ya nchi zinazosema Kiingereza umebaki kuwa kanuni ya kitengo cha matamshi cha shirika hilo.

Upande wa lafudhi ulichukua muda mrefu zaidi kupata haki yake. Mwaka 1941, katikati ya vita, Wilfred Pickles wa Yorkshire aliwekwa kusoma taarifa ya habari ya taifa, na irabu zake fupi za kaskazini zilizusha malalamiko mengi, baadhi yake yakitoka kwa watu wa kaskazini wenyewe, ambao walikwisha kufundishwa kwamba habari za kuaminika husomwa kwa sauti isiyo yao. Hilo la mwisho ndilo linalohuzunisha kuliko yote katika historia hii. Vita vilipokwisha, Harold Orton wa Chuo Kikuu cha Leeds, aliyeupanga mradi wake pamoja na Eugen Dieth wa Zurich, aliongoza uchunguzi wa lahaja za Kiingereza uliofanywa kati ya mwaka 1950 na 1961 katika mahali 313, nyingi zikiwa vijiji. Watafiti wake waliuliza zaidi ya maswali 1,300 kwa kila mahali, wakiwatafuta hasa wazee ambao hawakuhamahama, kwa hofu kwamba usemi wao ungezikwa pamoja nao. Hofu hiyo ilikuwa na msingi.

Majina yalikuwa yamekwisha kuguswa na shinikizo hilo hilo la kuuacha usemi wa mahali kabla ya Orton. Elimu ya msingi ilipoenea baada ya sheria ya mwaka 1870, mtoto alianza kuliona jina la mji wake ubaoni kabla hajalizoea masikioni, na reli ziliwaleta abiria waliosoma vibao vya stesheni bila kumjua mkazi hata mmoja. Daventry, iliyokuwa "Deintri" kwa karne nyingi, sasa hutamkwa kama inavyoandikwa, nayo Cirencester, iliyokuwa na umbo fupi la aina ya "Sisista", imerudishiwa silabi zake zote na wakazi wake wenyewe. Vyombo vya kuelekeza njia vyenye sauti ya kutengenezwa vimekuja kuongeza nguvu upande wa herufi, kwa sababu mashine husoma kwa kanuni za tahajia isipofundishwa jina moja moja. Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, njia hizi mbili za kupokea jina, kwa sikio na kwa jicho, zinaonekana bila kificho. Wahamiaji wa mwanzo walioipa Worcester ya Massachusetts jina lake walilibeba kinywani, na mpaka leo mji huo ni "Wusta". Lakini Birmingham ya Alabama ilianzishwa mwaka 1871 kwa kuchukua jina la mji maarufu wa viwanda, na "ham" yake ya mwisho hutamkwa kwa ukamilifu, ilhali katika Birmingham ya Uingereza imefifia na kuwa "am" tu.

Neno "mwenyeji" lenyewe, hata hivyo, halipaswi kuchukuliwa kana kwamba mji una kinywa kimoja. Wakazi wa Shrewsbury wamegawanyika: wengine husema "Shrouzbari", umbo linaloungwa mkono na historia na kuhusishwa na shule yao maarufu na watu wa tabaka la juu, na wengine husema "Shruzbari", ambalo ni la mitaani. Southwell katika Nottinghamshire umeigeuza hali ya kawaida, kwani wakazi wengi hulitamka jina kama lilivyoandikwa, wakati watu wa nje na watangazaji ndio wanaosema "Sadhal" wakidhani wanawaheshimu. Newcastle upon Tyne una ugumu wa namna nyingine. Wenyeji huweka mkazo kwenye "castle" na kuifupisha "a" yake, na watu wa kusini huweka mkazo kwenye "New" na kuirefusha. Kwa kipimo kilichotumika hapa, urefu wa "a" ni lafudhi na mgeni hana wajibu wa kuuiga, lakini mkazo ni sehemu ya jina, na mgeni anayeuhamisha anaubadilisha mji. Wapo watakaopinga kwamba mkazo nao ni mazoea ya eneo, na ubishi huo hauna mwamuzi.

Swali la nani ana neno la mwisho huwa zito zaidi pale ambapo mgeni aliingia na mamlaka. Wales imelijibu kwa kubadili mwandiko: Caernarvon ya makarani wa Kiingereza imekuwa Caernarfon, Conway imekuwa Conwy, na mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa iliamua kutumia Yr Wyddfa kwa mlima ambao Waingereza huuita Snowdon. Afrika Mashariki inalijua jambo hili kwa nafsi yake. Walowezi na watangazaji wa Kiingereza waliita nchi "Kiinya" katika miaka yote ya utawala wao, na ni baada ya uhuru wa mwaka 1963 ndipo irabu fupi ya wananchi wenyewe ilipoenea duniani. Na pwani, serikali na ramani husema Lamu, lakini mwenyeji husema Amu, na lahaja yake huiita Kiamu.

Leicester, uliotajwa mwanzo kabisa, unayakutanisha mambo haya yote katika silabi mbili. Mkazi wa asili wa mji huo hamalizii kwa irabu hafifu ya London. Lafudhi yake huifungua silabi ya mwisho mpaka isikike karibu na "Lesto", na wenyeji wenzake humtambua kwa hiyo mara moja. Msikilizaji wa kandanda aliyeko Tanga au Kisumu, aliyelipata jina redioni msimu wa 2015/2016 timu ya mji huo ilipotwaa ubingwa wa Uingereza, husema "Lesta", kwa mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho ambao Kiswahili humtaka auweke na ambao, kwa neno la silabi mbili, huangukia pale pale anapouweka mtu wa Leicester, na kwa "a" kamili ambayo Waingereza wengi hawaitamki. Silabi ni zile zile, mkazo ni ule ule, zile herufi zisizo na sauti zimeachwa mahali pake karatasini, na irabu ya mwisho ni ya kwake mwenyewe.